Kondoo wa Zulia la Desbah

Ijumaa ya mnada, Desbah Bitsilly alifunga zulia lake kwenye shuka ya maua, akalipakata ndani ya gari la mjukuu wake Lavina mpaka ukumbi wa shule, chini ya milima ya Chuska. Mlangoni kulikuwa na matope na harufu ya mikate ya kukaanga. Wanawake kumi na wawili walikuwa kwenye foleni na mazulia yao, na kondoo walikuwa wameshaanza kufika.

Ndivyo mazulia yanavyokaguliwa pale. Mkaguzi hupapasa pindo kwanza, kwa sababu mtande wa zulia la kweli ni uzi mmoja unaokwenda na kurudi bila kukatwa, na la kuigiza lina matamvua. Kisha hulitandika sakafuni na kusubiri. Likiwa la kweli, kondoo waliotoa sufu huingia mlangoni na kusimama kando yake, hata wale walioliwa zamani. La kuigiza halileti hata kwato moja. Bwana Cly, mfagizi wa shule, huwawekea maji kwenye ndoo bila kuagizwa na mtu.

Mkaguzi alikuwa Harrison, mtoto wa mjomba wake Desbah, na kwao watoto wa mjomba na shangazi hutaniana mpaka uzeeni.

"Hili umelinunua dukani ng'ambo ya barabara?" aliuliza.

"Nimelinunua kwa mkeo. Alitaka kuniuzia na wewe, nikakataa."

Harrison alipapasa pindo, akaridhika, akalitandika. Zulia la jirani lilipata kondoo wanane. La Desbah halikupata hata mmoja. Robo saa ikapita. Harrison akaacha utani, na hapo watu wote wakajua mambo ni mazito.

"Sheria unaijua, dada," alisema polepole. "Zulia lisilo na kondoo, kadi inarudishwa."

Desbah alikuwa na kadi ile ya kuuzia mnadani tangu aolewe. Bila kadi angebaki kuuza kwenye duka la ng'ambo ya barabara, ambako zulia lake lingerundikwa pamoja na yale ya kuigiza, bila jina lake. Alisimama akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Harrison alichukua penseli ili aandike, akaona haijachongoka. Akaichonga. Akaitazama, akaichonga tena. Alipoanza mara ya tatu, Lavina alikuwa amepiga magoti, anafuata mpaka mweusi wa zulia kwa kidole.

"Bibi, njia iko wapi?"

Mfumaji akizungushia zulia mpaka, huacha njia, yaani uzi mwembamba mweupe unaoukata mpaka ule hadi ukingoni, ili yaliyomo yapate pa kutokea. Desbah aliinama, akatazama. Februari yote alikuwa akifuma huku akimwaza dada yake aliyelazwa hospitali, na mpaka aliufunga pande zote nne.

"Ndiyo maana nikikaa kwenye kitanda cha kufumia naona ukuta mtupu, hakuna zulia jipya linalonijia," alisema. "Nilidhani ni uzee."

"Uzee upo pia," alisema Harrison.

Bwana Cly alileta sindano kutoka kwenye kopo lake la vifungo. Desbah alichomoa uzi mweupe kwenye fundo la pembeni, akavaa miwani, akaupitisha kwenye mpaka mweusi mpaka ukingoni. Kabla hajaukata, kondoo jike wa pembe nne alitoka ndani ya zulia kwa njia ile. Sufu yake ilikuwa imekaa guniani miaka ishirini. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, wakinyoosha miguu. Nyuma ya wa mwisho yakatoka mawazo yote ya Februari, na Desbah akakaa kitako sakafuni akicheka, kwa kuwa alishaliona zulia lake lijalo lote, na rangi zake.

"Kumi na saba," Harrison aliandika. "Ulikuwa umewafunga jela?"

"Nilikuwa nawafundisha adabu, wasije wakafanana na wewe."

Walikula mchuzi wa kondoo wakiwa wamewapa kondoo mgongo, kwa heshima. Mnadani, mama mmoja wa koti la buluu aliuliza kama anaweza kulipata zulia la Desbah bila kondoo. Aliambiwa haiwezekani. Akampapasa yule wa pembe nne kichwani kwa upole, akatoka. Zulia likachukuliwa na muuguzi mstaafu mwenye ua mkubwa, na kondoo kumi na saba wakaondoka nyuma ya gari lake.

Njiani kurudi Desbah alisimulia zulia jipya bila kupumua. Lavina alipunguza mwendo mbele ya lile duka la ng'ambo ya barabara. Yule mama wa koti la buluu alikuwa anatoka na zulia la matamvua, lenye karatasi iliyoandikwa kwamba limefumwa chini ya milima ya Chuska. Lori lilikuwa linashusha mengine. Matope ya mlangoni yalikuwa na alama za viatu vingi sana, na hakuna kwato hata moja.