Antena ya Gona

Ilimchukua Gona majuma sita kuiunda ile mashine, na siku ilipokamilika antena yake ilielekea moja kwa moja nyumbani kwa Ngowa.

"Nilijua!" akasema.

Mpini ulikuwa wa pampu ya baiskeli. Juu yake ilikaa antena ya redio kuukuu, ikizunguka kwenye gololi kwa wepesi wa jani. Chini alifunga kalkuleta, betri, na waya wa shaba aliouzungusha mara mia mbili na arubaini, kwa sababu ndivyo alivyoonyesha mtu wa kwenye video ya simu, aliyezungumza lugha ambayo Gona hakuijua hata salamu yake. Pembeni kilining'inia kichupa cha dawa ya macho, na ndani yake hereni moja ya fedha ya marehemu mkewe, Easter. Hereni hiyo ilikuwa ya kuionjesha mashine, ijue inatafuta nini.

Kilichotafutwa ni bangili mbili za fedha. Easter alizirithi kwa mamake, na Jumamosi zilitakiwa mkononi mwa binti yao Caroline, aolewe nazo kama walivyoolewa wenzake wa ukoo ule. Zamani Gona alipoziulizia, Easter alimjibu, "Nimezifukia, zimelala salama." Kisha homa ikamshika, siku nne tu, akaenda na siri yake. Gona alikuwa ameshachimba chini ya mafiga, kando ya mdimu, hata ndani ya banda la kuku.

Sasa antena ilimwonyesha Ngowa, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Ngowa alikuwa naibu wa chifu wa Kwa Randu hadi alipostaafu, na Gona hakushangaa hata kidogo. Kisima kikikauka, Ngowa. Barabara ya kwenda Malindi ikikatika kwa mvua, Ngowa. Zahanati iliyokosa dawa Easter alipougua, Ngowa vilevile.

"Watu hawa wametufukia sisi wazima," alisema, "sembuse bangili!"

Kavumbi, mdogo wa marehemu Easter, alikuwa uani akipepeta mchele wa arusi. Akaweka ungo chini.

"Shemeji, hebu nikufunge macho."

"Wanifunga kwa nini?"

"Kama yanusa fedha, macho yako ya nini?"

Akamfunga kwa leso, akamzungusha mara tatu. Antena ikayumba, ikatulia. Gona akaifungua leso. Choo.

"Baba," Caroline akasema, "mama alikuwa na akili zake. Chooni hakuzitia."

Wakarudia. Banda la mbuzi. Wakarudia tena. Baharini. Mara ya nne ikasimama kwenye kichwa cha Kavumbi, naye akacheka hadi akashika mbavu. Mwingine angeivunja mashine papo hapo. Gona aliketi kwenye kigoda, akazikaza nati zake, akampa Caroline aishike macho wazi. Antena ikageuka taratibu upande wa kusini, kwenye njia ya Malindi, ikabaki huko.

"Kuna fedha Malindi?"

"Kuna Oliver na tuktuk yake," Kavumbi akajibu, na bibi arusi akaufunika uso kwa kiganja.

Gona akaipokea. Akachomoa betri, akaishika mashine tena. Kwa Ngowa. Akatoa hereni. Kwa Ngowa!

"Ala! Kumbe haifuati fedha. Yafuata moyo wa aliyeishika." Alisema hivyo kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu, ingawa alikuwa amepoteza kazi ya majuma sita. "Shemeji, shika nawe tuone."

Kavumbi akaingiza mikono ndani ya leso yake.

"Sishiki."

"Haiumi hii."

"Nimesema kitu hicho sishiki."

Na hivi punde alikuwa akiicheka. Gona akamtazama, akamtazama, mpaka mwanamke akakaa chini.

"Mwaka ule mlipozuia malori ya mchanga kule mtoni Sabaki," Kavumbi akaanza, "ulilala ndani ya seli siku tatu. Wakumbuka ulitokaje?"

"Waliniogopa." Kisa hicho hakuna mtu wa Sabaki asiyekijua. Gona alikuwa amekisimulia misibani na arusini.

"Easter alimpelekea Ngowa bangili. Kesho yake ukatoka. Akaniapisha nisikwambie, maana ulikuwa ukisimulia kwa raha."

Miaka yote Gona alimlaumu Ngowa kwa kubahatisha. Leo amepatia, na kwa mara ya kwanza alitamani awe amekosea.

Ijumaa asubuhi aliuvuka uwanja, mashine mkononi. Betri hakuirudisha. Ngowa alikuwa barazani akinoa jembe.

"Shikamoo, mzee." Ilikuwa miaka hajamwamkia.

"Marahaba," Ngowa akaitika kwa mashaka. "Ndiyo hiyo? Nasikia yaona fedha hata nyuma ya ukuta."

"Kwangu ilionyesha huku. Lakini labda mkono wangu una chuki, mzee. Shika wewe, mkono wako hauna neno."

Ngowa alitaka kukataa, ila udadisi ulimshinda, na mkewe alikuwa mlangoni akitazama. Akashika. Antena ikatetemeka, ikapita mkewe, ikapita mlango, ikasimama kwenye dirisha la chumba cha kulala. Akageuza mwili, ikarudi palepale. Akaikamata kwa mikono miwili, na kadiri alivyokaza ndivyo ilivyozidi kutetemeka.

"Si nilikwambia?" mkewe akasema. "Vitu vya watu hivyo! Mimi sikuvivaa hata siku moja, mji mzima wavijua."

Ngowa akaiweka mashine chini kama kitu cha moto, akaingia ndani. Alirudi na kitambaa kilichofungwa fundo. Bangili zilikuwa mbili, moja imebonyea kidogo pale Easter alipoigonga kwenye kinu.

Hotuba ya miaka ilimjaa Gona kinywani. Akazitia bangili mfukoni, akaiokota mashine.

"Gona," Ngowa akamwita kwa sauti ya chini, "yafanyaje kazi hiyo?"

"Hata mimi bado naichunguza, mzee. Ya kisima na zahanati nitakuja tuyazungumze. Kwanza arusi ipite."