Jino Nililolisafisha

Mjukuu wangu tunamwita Kidomo kwa sababu hanyamazi. Alikuwa na miaka tisa alipoteleza kwenye ngazi za shule akajigonga jino la mbele, lile la ukubwani ambalo likienda haliji jingine. Halikung'oka. Lilibaki mahali pake, ila baada ya miezi miwili likageuka rangi ya majivu, na ukiligusa kwa kijiko cha baridi hasikii kitu. Daktari wa meno alisema nyama ya ndani imekufa na mzizi bado haujakomaa, kwa hiyo likiachwa hivyo litakuja kuvunjika.

"Lakini bado ana chonge mbili za utoto," akasema. "Ndani ya jino la utoto kuna seli changa, tunaziita seli shina. Fundi wetu wa maabara atazikuza, kisha tutazipandikiza ndani ya hili lililokufa. Tumeshawafanyia watoto kumi na mmoja. Saba wamefanikiwa."

Mama yake Kidomo yuko kazini kutwa, basi shughuli ya jino ikawa yangu. Chonge ya kulia ilikuwa inacheza. Nikapewa kichupa chenye maji maalumu, na karatasi: likidondoka lenyewe, litie humu, ulilete siku hiyo hiyo. Niliisoma mara tatu, kwa kidole.

Lilidondoka Jumanne asubuhi, likabaki kwenye mkate. Sasa mimi sijazoea kupeleka kitu kichafu kwa watu. Nikalichemshia maji, nikatia chumvi, nikalisugua kwa mswaki mkuukuu. Kwa chini lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kanyama kekundu, kadogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nikachukua sindano ya kushonea, nikakachokoa mpaka kakatoka kote. Ndipo nikalitia kichupani, linang'aa kama kifungo cha shati.

Fundi wa maabara ni mama mmoja mwembamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alilipindua jino kwa kibano, akachungulia lile tundu.

"Mama, humu ndani hakukuwa na kitu chekundu?"

"Kilikuwamo. Nimekitoa. Nimelisafisha vizuri."

Akavua miwani. "Hicho chekundu ndicho tulichokuwa tunakitaka. Hili lililobaki ni ganda."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kidomo, pembeni yangu, akasema, "Bibi, umelisafisha mpaka umelimaliza!"

Ikabaki chonge ya kushoto, nayo ilikuwa imesimama imara. Hiyo ilibidi ing'olewe kwa sindano ya ganzi, na ikiharibika hakuna ya tatu. Kidomo akakataa. Alifunga mdomo, yeye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Nilimbembeleza siku tatu. Siku ya nne, tukiwa tunaanua nguo, akaufungua.

"Wewe lako linacheza tangu sijaanza shule. Mbona huling'oi?"

Kweli, nilikuwa nimebakiwa na jino moja tu, la chini, na nikila lazima nilikwepe.

"Langu ni la kizee. Halimsumbui mtu."

"Unaogopa."

"Siogopi."

"Basi tangulia."

Alhamisi nikatangulia. Daktari alicheka, lakini aliponiona nimeshapanda kile kiti akavaa glavu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Jino langu lilipogonga sahani ya chuma nikamwuliza fundi wa maabara, aliyekuwa amesimama na kichupa chake, kama na langu lina cha kuotesha.

"Hilo, mama, hata ukilibishia hodi hakuna wa kuitika."

Kidomo akaangua kicheko, mdomo wazi. "Hapo hapo, usiufunge, njoo ukae," daktari akamwambia, naye akapanda.

Safari hii jino lilitoka kinywani likaenda moja kwa moja kichupani. Mikono yangu niliiweka mgongoni.

Huko maabara wana kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Seli hukaa humo ndani ya visahani, zikiogelea katika maji ya pinki ambayo hubadilishwa kila baada ya siku tatu. Kila siku ya kubadilisha nilikwenda nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Sikuulizwa, nami sikuuliza. Siku tisa hakukuonekana kitu. Siku ya kumi na mbili fundi akaniita nichungulie hadubini. Niliona vitu vyembamba, vyeupe, vimelala kama vipande vya uzi chini ya cherehani.

"Viko hai?"

"Vinaongezeka."

Wiki ya saba seli zikapandikizwa ndani ya lile jino lililokufa. Baada ya hapo ni kungoja, na kipimo ni kimoja tu: daktari hupuliza dawa ya baridi kali kwenye pamba na kuligusa lile jino. Mwezi wa tatu, hakuna. Mwezi wa sita Kidomo akasema, "Nasikia pamba tu," na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuongea.

Mwezi wa tisa, pamba ilipogusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Aa! Baridi!"

Daktari hakuamini upesi. Aligusisha pamba kavu, Kidomo akatikisa kichwa. Akagusisha tena ya baridi.

"Baridi! Inauma!"

"Unasema kweli, au unataka kuturidhisha?"

"Kweli! Mwekee na bibi aone!"

"Bibi hana pa kuwekewa," nikamwambia.