Mtu Mwenye Magurudumu

Sostenes alikuwa na vitu viwili tu duniani alivyoweza kuviita vyake: jina zuri na tela. Lori lililolivuta tela hilo lilikuwa la Masudi, tajiri wa vyuma chakavu wa Dodoma mjini, na jina zuri halijawahi kumpa mtu ugali. Kwa hiyo lilibaki tela. Lilikuwa limeungwa Chang'ombe na fundi Fabian kwa mbao za kuokoteza na ekseli mbili za malori ambayo Waingereza waliyatelekeza Kongwa, mradi wao wa karanga ulipowafia mikononi. Likiwa njiani, watu walilisikia kabla ya kuona vumbi lake, na waliendelea kulisikia vumbi likishatua. Fabian alipomkabidhi alimpa wosia mmoja. "Tunza rimu zake. Za namna hii hazitengenezwi tena, na Mwingereza harudi."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sukari ilikuwa imerudi madukani, sabuni haikufichwa tena uvunguni, na kila mwenye cha kuuza alikuwa anauza. Masudi akang'amua kwamba Ugogo umejaa chuma kisicho na mwenyewe: matrekta yaliyokufa, majembe yaliyolika, mapipa yaliyotoboka. Akampakilia Sostenes mabeseni ya plastiki akamwambia aende vijijini akabadilishe. Chuma kidogo, beseni dogo; chuma kikubwa, beseni kubwa lenye maua. Akina mama walilikimbilia tela hilo kuliko walivyowahi kukimbilia mkutano wowote wa kijiji, na wapo waume waliorudi kutoka kilabuni wakakuta hata kitasa cha mlango hakipo.

Sostenes alikuwa na miaka thelathini na minane, na mke hana. Mwaka huo turubai lake lilichanika, akalipeleka kwa fundi cherehani mmoja kwenye mnada wa Kibaigwa. Fundi huyo aliitwa Elieth. Alilishona, akalikagua pande zote, akamwambia, "Kaka, hili limekwisha. Nimelishona tu kwa sababu naona unalipenda." Tangu siku hiyo turubai la Sostenes likawa linachanika kila wiki.

Baada ya miezi sita ya kuchanika, Sostenes akapeleka barua ya posa. Mshenga wake alikuwa utingo wake, Ludovick, mtu mzima aliyemzidi miaka kumi, mwenye leseni ya udereva na maneno mengi kuliko kazi. Ludovick akaenda Nhongolo, kijijini kwa akina Elieth, akarudi amenyong'onyea.

"Barua ameipokea," alisema. "Lakini mzee anasema mtu mwenye magurudumu hampi binti yake."

Mzee huyo, Mzee Daudi, alikuwa na sababu yake. Mwaka mmoja baada ya uhuru dada yake aliolewa na dereva wa lori, na dereva akaaga kwamba anafika Morogoro mara moja, kesho yake atarudi. Mzee Daudi alikuwa bado anamsubiri. Hata hivyo hakufunga mlango kabisa. Alisema mposaji aje mwenyewe Jumamosi, amtazame, ndipo atoe jibu.

Balaa ni kwamba Jumamosi ilitanguliwa na Alhamisi, na Alhamisi zamu ya mabeseni ilikuwa Nhongolo. Sostenes alilelewa Mvumi na bibi aliyejua adabu, na adabu haimruhusu mposaji kuzurura ukweni kabla hajaitwa. Kwa hiyo Ludovick alipokuwa nyuma akipokea vyuma na kugawa mabeseni, Sostenes alijilaza kwenye kiti cha lori, akajifunika shuka gubigubi, akatoka jasho saa mbili nzima huku akisikia chuma baada ya chuma kikitua telani. Hakuona mtu. Wala, alitumaini kwa moyo wote, hakuonwa na mtu.

Kisha, hata kabla hawajafika mbali, tela likadumbukia kwenye korongo na rimu ya nyuma kushoto ikapasuka. Sostenes alikaa chini akashika kichwa. Lakini Ludovick, akifukua lile lundo, akatoa rimu moja ya zamani, matundu ya bolti yale yale, upana ule ule, nzima kuliko zote. Ubavuni ilikuwa na doa moja linalong'aa kama shilingi mpya.

"Mungu ananipenda," alisema Sostenes. Wakaivika tairi, wakaifunga, ile iliyopasuka wakaitupa juu ya lundo, safari ikaendelea.

Jumamosi walirudi. Sostenes alivaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya Ludovick, vilivyombana. Waliliacha lori na tela lake kando ya kanisa, maana nyumba ya Mzee Daudi ilikuwa hapo hapo jirani. Mbele ya kanisa palikuwa na nguzo mpya ya mti, imechongwa vizuri, na juu yake waya unaning'inia mtupu. Sostenes aliuona waya huo na hakuufikiria.

Walikaribishwa, wakaamkia, wakapewa vigoda. Mama Elieth akaja na maji ya kunawa, na chini ya maji hayo kulikuwa na beseni jekundu, kubwa, lenye maua. Sostenes aliyajua maua yale. Beseni la namna ile halitoki telani kwa jembe lililolika wala kwa kitasa. Linatoka kwa chuma kikubwa hasa. Akainua macho kumtazama mama mkwe wake mtarajiwa. Mama mkwe akawatazama kuku.

"Kijana," Mzee Daudi alisema, "kabla ya habari ya binti kuna habari ya kengele. Nguzo yetu ililiwa na mchwa, ikaanguka. Nikaileta kengele hapa nyumbani, nikaiegemeza ghalani, nichonge nguzo nyingine. Alhamisi nikaenda kukata mti. Narudi, kengele haipo. Na Alhamisi hiyo hiyo lori lako lilipita."

Kengele ya Nhongolo, kama kengele nyingi za makanisa na shule za nchi hii, ilikuwa rimu ya gari. Mzee Daudi mwenyewe aliiokota Kongwa ujanani, na alikuwa ameipiga miaka thelathini na miwili: alfajiri, mchana na jioni, Jumapili mara mbili zaidi, bila kukosa hata siku aliyomzika mama yake.

"Nani aliileta kwenye lori lako?" aliuliza.

Ludovick akafungua kinywa. Sostenes akamkanyaga mguu.

"Mzee, mimi sikumwona mtu. Nilikuwa nimejifunika shuka."

"Mchana? Unaumwa?"

"Nilikuwa naona haya kuonekana hapa kabla hujaniita."

Ikaonekana jibu lile limemgusa Mzee Daudi mahali. Mama Elieth aliacha kuwatazama kuku.

"Basi kama imo telani nitaijua," mzee alisema. "Sihitaji kuiona. Nitaigonga."

Akachukua bolti yake ya kupigia, nene kama mchi, akapanda telani, akasukumwa kutoka chini na Ludovick. Mle ndani kulikuwa na rimu kumi na moja kutoka vijiji mbalimbali. Akaining'iniza ya kwanza kwenye kamba, akaigonga. Ikalia nyembamba na ndefu, na kabla haijanyamaza akina mama sita wakatokea mbio na watoto migongoni na kadi mkononi, kwa sababu sauti ile ilikuwa pacha wa rimu ya kliniki. Wakaambiwa si kliniki. Wakasema kwa kuwa wameshafika watasubiri waone.

Akagonga ya pili. Wakaja wanaume na majembe, wamenuna, wakidhani ni kazi ya maendeleo ambayo mwenyekiti huwa haitangazi mapema ili watu wasikimbie. Akagonga ya tatu, na watoto wa shule wakaja na vikombe wakitafuta uji, siku ya Jumamosi. Ya nne ilikuwa ile iliyopasuka. Hiyo ilikohoa tu, na hakuja mtu isipokuwa mbuzi mmoja. Alipofika ya tisa, kijiji kizima kilikuwa kimelizunguka tela, na Elieth amesimama mbele, mikono kifuani, akimtazama Sostenes kwa jicho ambalo halikuwa la kushona turubai.

Ya kumi siyo. Ya kumi na moja siyo.

Mzee Daudi akateremka taratibu. Alionekana amezeeka tangu alipopanda. Akasimama mbele ya Sostenes, mbele ya watu wote.

"Haimo," alisema. "Nimekudhania vibaya, mwanangu, tena hadharani. Unisamehe. Twende ndani nikupe jibu lako."

Alisema mwanangu. Kila mtu alisikia. Ludovick akamvuta Sostenes shati, akamnong'oneza, "Twende, twende upesi." Na Sostenes angekwenda, kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshaingia ndani na kukaa kwenye kigoda. Lakini alipogeuka, jua likapiga gurudumu la nyuma kushoto, na katikati ya vumbi, ubavuni mwa rimu, kitu kikang'aa kama shilingi mpya.

Rimu ile ndiyo iliyokuwa imelibeba tela, na tela ndilo lililokuwa limembeba yeye maisha yake yote. Akinyamaza, ana mke na ana tela. Akisema, pengine hatakuwa na hata kimoja, maana nani atampa binti mtu aliyekuja kuposa amepanda juu ya kengele ya kanisa la baba mkwe? Alitaka kunyamaza. Alitaka sana, na nusu dakika nzima alinyamaza kweli.

Lakini ilikuwa inakaribia saa sita, saa ya kengele ya mchana. Mzee Daudi alikuwa ameanza kutembea kuelekea nyumbani, na mkono wake, wenyewe, bila yeye kujua, ulikuwa unaigonga ile bolti pajani. Gonga, pumzika. Gonga, pumzika. Sostenes hakuweza kuuvumilia mkono ule.

"Baba," alisema. "Haiko juu. Iko chini."

Mzee akarudi. Akaonyeshwa. Akainama, akapuliza vumbi, akagonga pale penye doa. Du.

"Imevimbiwa," alisema kwa uchungu. "Mmeilisha mpira."

Hakuna aliyecheka, ila Ludovick, naye alijifanya anakohoa. Sostenes alieleza kila kitu: korongo, rimu iliyopasuka, matundu ya bolti, na namna alivyomshukuru Mungu. Kisha akavua viatu vya Ludovick, akakunja suruali yake ya pasi, akaomba jeki.

Kazi ilichukua mchana kutwa. Wanaume waliokuja na majembe walipakua vyuma, kwa kuwa hata hivyo walikuwa wamejiandaa kufanya kazi. Wakati wa kupakua, kitasa kimoja cha mlango kilipata mwenyewe, na mkewe akatakiwa kueleza. Tairi likatolewa kwa nyundo na matusi madogo madogo, tela likashushwa juu ya gogo, likainama upande mmoja. Sostenes akaibeba rimu mwenyewe hadi kwenye nguzo, akaifunga kwenye waya.

Mzee Daudi akaipiga. Ilitoka sauti nzito, pana, isiyo na haraka, na watu wote wa Nhongolo, ambao walikuwa wamesimama pale pale, wakahisi wameitwa. Akapiga ya mchana iliyochelewa. Akapiga ya Ijumaa. Akapiga na ya Alhamisi jioni. Mbwa wakaitikia. Alipomaliza alikuwa anatokwa na machozi na hakujisumbua kuyafuta.

Kisha akalitazama tela.

"Lina magurudumu mangapi lile?"

"Manne, baba."

"Hesabu."

Sostenes akahesabu. "Matatu."

"Na rimu nyingine ya namna hii utaipata wapi?"

"Fundi alisema hazitengenezwi tena."

Mzee Daudi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari njema akiwa hataki kuonyesha. "Lori la watu lirudi kwa wenyewe na mshenga. Mwenye tela abaki na tela lake. Nilisema binti yangu simpi mtu mwenye magurudumu. Huyu anayo matatu, na kwa magurudumu matatu mtu hafiki Morogoro."

Watu wakamgeukia Elieth, maana barua ilikuwa yake. Elieth akaenda hadi telani, akalishika lile turubai, akalinyoosha, akaona mahali lilipochanwa kwa kisu, mstari ulionyooka kama umepigwa rula. Akalikunja, akaliweka begani.

"Hili nalipeleka ndani," alisema. "Safari hii sitalirudisha."

Jioni, wageni walipoitwa kula ugali wa uwele na mlenda, Mama Elieth alikuja tena na beseni jekundu. Alimwinamia Sostenes amwagilie maji mikononi, na alipohakikisha mumewe yuko mbali akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Miaka thelathini na miwili naamshwa na kile chuma saa kumi na moja alfajiri. Nikasema kitoke, nipate beseni, nilale. Sasa nina beseni, nina kengele, na nina mkwe. Nawa, baba, ugali unapoa."