Themanini na Tatu Mahali pa Tisini

Mara ya tatu Mzee Jecha alipomwambia daftari la vipimo halijawa tayari, Mardhiya aliacha kumwamini.

Jecha, mtu wa Mkokotoni, alikuwa fundi wa maabara katika skuli moja ya Mji Mkongwe, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Mardhiya alikuwa mwalimu wa fizikia, mwaka wake wa pili. Kwa ajili ya maonesho ya sayansi walikubaliana wapime mwanga wa leza unaopita kwenye mianya mitatu, myembamba kama unywele. Mardhiya alikuwa na vipindi kutwa, kwa hiyo kupima alimwachia mzee.

"Nshapima, mwalimu," alisema Jecha, "ila sijanakili vizuri."

Jumanne akaja na jengine: leza imeharibika. Mchana wa siku hiyo hiyo Mardhiya alipita mbele ya maabara, mlango umefungwa kwa ndani, akaona mstari mwekundu chini yake. Leza ilikuwa inawaka.

Hakugonga. Alikwenda zake nyumbani Mpendae. Alishasikia walimu wakinong'ona kwamba mzee huyo huwatengenezea wanafunzi namba zao zilingane na kitabu. Na jibu la jaribio hili mtu angeweza kulighushi bila ya kuwasha hata taa.

Maana mwanga ukipita mwanya mmoja, hufika kama wimbi moja. Ukifungua miwili, mawimbi hukutana. Pahala pengine hukuzana, pengine huuana hata pakawa kiza. Mtu angetaraji mitatu ikifunguliwa pamoja lizuke jambo jipya la watatu, wasilolijua wawili wawili. Halizuki. Nguvu ya mwanga, na hata uwezekano wa chembe yake moja kutua pahala, hupatikana kwa kujumlisha mawimbi, kisha kuizidisha jumla kwa nafsi yake. Katika kuzidisha huko kila wimbi hukutana na nafsi yake au na mwenziwe mmoja. Watatu hawana pa kukutania. Basi ikiwa katikati ya ukuta unaopigwa na mwanga mwanya mmoja unatoa kumi, na miwili inatoa arubaini, kila jozi imeongeza ishirini juu ya kumi mbili zake. Jozi ni tatu, hiyo sitini; na kumi tatu za mianya yenyewe, tisini. Aliyekaa jikoni kwake anaweza kuiandika.

Alhamisi Jecha aliruhusiwa kwenda kwao kuzika. Mardhiya akaenda kwa mwalimu mkuu, Bi Maisara, akaomba ufunguo wa akiba wa kabati la mzee. Alisema anataka betri.

Daftari lilikuwa chini ya vitambara. Mwanya mmoja, kumi. Miwili, arubaini. Mitatu, themanini na tatu, imekatwa. Ukurasa wa pili, themanini na tatu tena. Alihesabu mara kumi na tisa, kwa tarehe mbalimbali, na pembeni maneno madogo ya penseli: *meza imetikisika? mianya nimeipangusa. au mkono wangu?*

Tisini haikuwemo popote.

Mardhiya akakaa kwenye kigoda. Mwenye kughushi angeandika tisini siku ya kwanza akaenda zake.

Ijumaa asubuhi alimkuta mzee kesharudi, amesimama mbele ya kabati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimelifungua kabati lako jana."

"Najua. Umevikunja vitambara. Mimi sivikunji."

"Kwa nini ulinambia leza imeharibika?"

"Ningekwambia nini? Kitabu kinataka tisini. Wewe una shahada, mimi nna mkono tu. Ungesema mkono umezeeka."

"Nilidhani makubwa kuliko hayo," alisema Mardhiya. "Nilidhani unaghushi."

Jecha akavuta pazia. "Haya, tuwashe."

Mardhiya sasa alikishuku kipimamwanga chenyewe, chombo kilichokuwa kikitoa namba zile. Alitoa kioo kimoja cha miwani yake ya jua, akakiweka mbele ya leza, mwanga ukapungua nusu. Mwanya mmoja, tano. Miwili, ishirini. Jecha akafungua wa tatu, akainama kusoma.

"Arubaini na tano," alisema taratibu. "Nusu ya tisini."

Akakiondoa kioo: themanini na tatu. Akakirudisha: arubaini na tano. Alifanya hivyo mara sita, kama mtu asiyeamini kuwa ameachiwa huru.

"Kumbe kikizidiwa na mwanga hakisemi kweli," alisema. "Na mimi nimejishuku mwezi mzima."

"Mimi nimekushuku wewe. Unisamehe, mzee."

"Nshasamehe."

Matokeo waliyapeleka kwenye maonesho kwa majina yao mawili, la Jecha likitangulia. Jumatatu Mardhiya alikuta kabati lina kufuli mpya. Bi Maisara hakupewa ufunguo wa akiba, na Mardhiya hakuuliza kwa nini.