Chumba Chenye Bikoni

Mume wangu Naftaly haamini kura ya aina yoyote. Hata kanisani tukichagua mweka hazina, yeye husimama nyuma amekunja mikono. Sababu yake naijua, na nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Kampuni yetu ya kununua mashamba ilipogawa shamba la mzungu huku Mbaruk, kila mwenye hisa alitia mkono kwenye kofia ya karani akatoa nambari ya ploti yake. Jamleck alitoa ploti ya mteremko laini, ziwa Elementaita lote liko mbele ya mlango wake. Naftaly, aliyetia mkono mara tu baada yake, alitoa ploti yenye mwamba. Sisemi jiwe, nasema mwamba, mkubwa kuliko nyumba yetu, na umekaa pale pale ambapo ziwa lingeonekana.

Niliolewa mwaka huo huo. Naftaly aliuwashia moto ule mwamba akaumwagia maji baridi ili upasuke, akaupiga nyundo, akautukana, na wenyewe ukakaa tu. Mimi ziwa nimeliangalia maisha yangu yote ya ndoa kupitia dirisha la jikoni kwa Wamaitha, mke wa Jamleck, nikijifanya nimekuja kuomba chumvi.

Basi watoto wetu na watoto wa Jamleck walipochanga watupeleke sisi wazee wanne safari ya meli, kutoka Mombasa hadi Ushelisheli na kurudi, nilimwambia binti yangu Kui jambo moja tu. Chakula chochote kitaliwa na kitanda chochote kitalaliwa, lakini nataka dirisha. Nataka nifumbue macho asubuhi nione maji, na yasiwe maji ya jirani.

Kui alitutuma sote kwa Chemutai, msichana mwenye ofisi ya safari orofani huko Nakuru mjini. Alitukaribisha chai, akatueleza pole pole.

"Hii mmelipiwa inaitwa guarantee. Maanake mmelipia daraja la dirisha, lakini nambari ya chumba bado. Kampuni ya meli itawachagulia siku za safari zikikaribia, ikishaona ni vyumba gani vimebaki. Kuwashusha hawawezi, dirisha ni lenu. Lakini kuwapandisha wanaweza, wakitaka kile cha chini wakiuzie mtu mwingine."

"Mimi sina shida," Jamleck akasema, na kwa nini awe na shida, mtu wa bahati kama yeye.

"Kwa hivyo tunalipa leo, ploti tunaonyeshwa baadaye," Naftaly akasema.

"Si ploti, mzee. Ni chumba."

"Hiyo ni kofia ya karani, msichana wangu. Mimi mkono sitii tena."

Akauliza kama mtu anaweza kujichagulia. Chemutai akamwambia inawezekana, anaongeza pesa kidogo, lakini akishachagua nambari, hiyo ndiyo yake. Kwa kawaida kampuni haimhamishi tena, juu wala chini. Naftaly akapiga meza kwa furaha.

"Sasa hiyo ndiyo title deed, hati kabisa!"

Nilimfinya chini ya meza, akasogeza mguu.

Chemutai akamchapishia ramani ya meli. Naftaly aliisoma vile anavyosoma shamba. Alitaka katikati, kwa sababu pembeni kuna mmomonyoko. Alitaka karibu na lifti, kwa sababu ploti bila barabara ni hasara. Kisha akaona chumba kimoja kilichokuwa nafuu kuliko majirani zake wote, na kando ya nambari yake kuna pembetatu ndogo nyeusi.

"Mama Kui, unaona hii? Hii ina bikoni."

Bikoni, kwa asiyejua, ni lile jiwe ambalo sorveya, mpima ardhi, huliweka kwenye pembe ya ploti. Huku kwetu, ploti yenye bikoni hakuna mtu wa kukusukuma.

"Mzee, hiyo alama, soma kwanza hapo chini..." Chemutai akaanza.

"Binti, alama za sorveya nilizijua kabla hujazaliwa."

Miwani ya kusomea ilikuwa nyumbani Mbaruk, juu ya redio. Alisoma nambari kubwa, maandishi madogo akayasamehe, akalipa. Na mimi, nitajitetea vipi, nilikuwa nimeshughulika na mandazi ya Chemutai.

Wiki chache baadaye Wamaitha aliweka ujumbe kwenye kundi la kanisa: "Bwana asifiwe! Wametu-upgrade!" Chini yake kulikuwa na picha ya chumba chenye balkoni, viti viwili na meza ya chai, na bahari hadi mwisho. Naftaly alienda kuangalia viazi, akarudi giza limeingia. Mimi nilijiambia dirisha letu lipo, na balkoni ni ya watu wasioogopa baridi.

Tukashuka Mombasa kwa treni, tukapanda meli. Tulipoingia chumbani nilifumba macho kwa makusudi, nikamwambia Naftaly afungue pazia. Nikasikia pazia likifunguka. Nikafumbua macho.

Nje ya dirisha, karibu niweze kuligusa, lilining'inia boti kubwa la kuokolea watu, la rangi ya chungwa. Lilikuwa limeziba kila kitu. Juu yake palibaki kipande cha mbingu cha ukubwa wa leso. Nilimuuliza mhudumu ile pembetatu ya kwenye ramani ni ya nini, naye akasema kwa heshima kwamba ndiyo alama ya dirisha lililozibwa.

Nilikasirika, sitadanganya. "Baba Kui, ulitakiwa ufanye nini? Ulitakiwa ukae, unyamaze! Umelipa pesa zako ukanunua mwamba mwingine!"

Alikaa ukingoni mwa kitanda, kofia mkononi. Jamleck alipokuja kutuona alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. "Pole sana, jirani. Naona mwamba wako ulipanda treni na wewe."

Wamaitha aliniita nikanywe chai kwenye balkoni yao. Nilimwambia kichwa kinaniuma. Sikutoka Mbaruk mpaka baharini kuja kuomba chumvi. Siku hizo zote nilitazama lile boti la rangi ya chungwa, na usiku nililigeuzia mgongo, nikamgeuzia Naftaly pia.

Asubuhi moja, tukiwa tumefika Ushelisheli, nilihisi mkono begani.

"Tabby. Tabby, amka. Mwamba umeondoka."

Tangu Kui azaliwe, Naftaly hakuwahi kuniita Tabby, jina langu mwenyewe. Nikaketi. Mabaharia walikuwa wakifanya mazoezi yao, wameliteremsha boti hadi majini, na dirisha lilikuwa wazi kuanzia chini hadi juu. Chumba chote kilikuwa kimejaa mwanga. Naftaly alikuwa amesimama dirishani na fulana yake ya kulalia.

"Nisamehe," akasema. "Mimi si mjinga, nilijua ile kofia yao ingeweza kutupa kizuri. Lakini mwaka ule nilipokuoa nilikuahidi ziwa, nikakuleta kwa mwamba. Nilitaka mara moja tu katika maisha yako uone kitu kizuri, ujue ni mimi nimekuchagulia."

Nilimpenda mzee huyu wangu wakati ule kuliko siku ya harusi, na nilikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini chini huko nilisikia mashine imeanza kunguruma na mabaharia wakiitana, na nikajua wameanza kulipandisha.

"Baba Kui," nikasema, "hayo tutaongea boti likirudi. Sasa sogea, unaniziba."

Akasogea, akaja akaketi kando yangu.