Ndiyo ya Kaskazini

Torkel, mtu wa kusini mwa Uswidi, alitua begi mlangoni akamuuliza mzee Algot, "Mzee, basi la kwetu linapita leo?"

Algot, kikombe mkononi, akavuta pumzi kwa midomo: "Shhp."

"Kahawa imekuunguza?"

"Nimekujibu! Huku kwetu kaskazini, Västerbotten, 'ndiyo' tunaivuta ndani kwa pumzi, hatuitoi nje."

"Neno gani hilo, halina hata irabu moja?"

"Irabu za nini, na jibu umeshapata?"

Hapo Torkel akaelewa. Jana alimwuliza Ylva, binti wa mzee, kama atakubali waoane. Ylva akavuta pumzi vilevile; Torkel, akidhani amemkera, akaenda kufunga virago. Kumbe ndiyo maana tangu asubuhi Ylva anaimba jikoni!

"Ila mkwe," mzee akauliza, "basi la nini tena?"