Kamba ya Mjomba Ludger

"Fungua mkono huo," Bwana Whitcomb aliniambia.

Tulikuwa juu ya mteremko wa majaribio. Mimi nilikuwa nimefungwa miguu yote miwili kwenye ubao mpya wa theluji, yeye amesimama juu ya skii zake, vibao viwili vyembamba vya kutelezea, amevaa koti jekundu lenye msalaba mgongoni. Ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi wa mlima. Nilifungua mkono. Juu ya glavu yangu kulikuwa na kipande cha kamba kuukuu, kifupi, kisichofungwa kwenye chochote.

"Hiki nini?"

"Kamba."

"Ya nini?"

Kumweleza kungechukua asubuhi nzima, na nilikuwa tayari nimeuma meno kwa hasira.

Miaka ile ya themanini, milima mingi ya jimbo letu la Vermont iliwakataza watu wa mbao za theluji. Watu wa skii walikaa kwenye viti vya waya, vinavyovutwa juu kwa mashine, wakapandishwa hadi kileleni huku wakila pipi. Sisi tulipanda kwa miguu pembeni mwa msitu, ubao kwapani, tukafukuzwa kama mbuzi walioingia shambani. Majira yale ya baridi, wenye Mlima Harrow walitukubali shingo upande. Walitaka ubao wenye makali ya chuma pande zote na mikanda ya kubana miguu. Halafu mwenye ubao afanye mtihani mbele ya mlinzi, na akifaulu apewe kadi ya kupanda viti.

Watu wa skii hawakufanya mtihani wowote. Kila Jumamosi alikuja mtu kutoka Boston ambaye barafu aliyoizoea ni ile ya kwenye glasi yake, akakodi skii, akapandishwa bila swali. Alishuka akipiga mayowe na kuangusha watoto wa watu njia nzima. Huyo hakuna aliyemwambia afungue mkono. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wetu walikuja, na wenyeji tukaambiwa tutahiniwe kwanza.

Na njia zenyewe wanazoshukia alizikata mjomba wangu Ludger Benoit, kaka yake mama. Alizikata kwa shoka na msumeno akiwa kijana, kabla mimi sijazaliwa.

Ubao wangu wa zamani pia aliutengeneza yeye. Mwezi wa Machi, alipokuwa akichemsha utomvu wa miti ya mepo kupata shira, aliulaza ubao juu ya ile sufuria pana, ncha yake ikapigwa na mvuke mpaka mti ukalegea. Kisha akaipinda kuelekea juu, akaifunga hadi ikakauka. Kwa hiyo ubao ule ulinukia sukari. Hata baada ya miaka, ncha ikilowa theluji, harufu ya shira ilirudi. Kwenye ncha alitoboa tundu na kupitisha kamba, na juu akapigilia vipande vya mpira wa tairi vya kushikia buti. Uliuongoza kwa kuegemea na kuvuta kamba, na ulipotaka kusimama ulikaa kitako. Kwenye theluji nene, kati ya miti, ulikimbia kama ndama aliyefunguliwa zizini. Kwenye theluji iliyoshindiliwa kwa mashine haukushika kitu.

Ubao mpya aliupata kwa kubadilishana. Alitoa bunduki yake ya kuwindia kulungu.

"Bunduki, Ludger!" mama alipiga kelele. "Na msimu ujao tutakula nini, mbao?"

"Mtoto anautazama mlima kutoka dirisha la jikoni kila siku," Mjomba alisema. "Na aupande."

Nilijifunzia kwenye mteremko nyuma ya zizi letu, ambao Mjomba aliushindilia kwa trekta. Niliuchukia ubao ule tangu siku ya kwanza. Ulikuwa mwepesi na wa rangi ya chungwa inayoumiza macho, na ulinuka gundi. Ule wa zamani ulinisamehe kila kosa. Huu, ukiuacha ulale bapa kidogo tu, makali ya upande wa chini yanadaka theluji na unatupwa kifudifudi kabla hujajua umekosea wapi. Nililamba theluji mpaka midomo ikapasuka.

Mazoea yana taabu. Mkono wangu wa kushoto haukukubali kwamba kamba haipo. Kila nilipotaka kukata kona, ulipanda wenyewe kuitafuta. Mkono ukipanda, bega linafuata, ubao unalala bapa, na mimi huyoo, chini.

"Unampungia nani?" Mjomba aliuliza, akiwa ameegemea uzio na kiko mdomoni.

"Natafuta kamba."

"Ng'ombe ameshauzwa, wewe bado unavuta kamba yake!"

"Huu si ubao, Mjomba, ni kisu. Urudishe, uchukue bunduki yako."

"Bunduki hairudi. Inuka."

Niliinuka, nikajipangusa. "Na wewe mtihani wako lini?"

Alitoa kiko mdomoni, akatema mate. "Nitahiniwe mimi? Na nani? Na Whitcomb? Mwaka aliokuja, alipotelea kwenye njia niliyoikata kwa mikono hii. Mimi ndiye niliyemtoa huko, amekumbatia mti, analia. Anitahini nini? Kulia?"

"Basi na mimi siendi."

"Wewe utakwenda. Mimi mlima ule nimeshaupanda, Odile. Wewe bado."

Aliingia ghalani, akarudi na ubao wangu wa zamani na kisu. Niliposhtukia alichotaka kufanya alikuwa ameshakata kamba. Nilimlilia kama mtoto mdogo. Hakunibembeleza. Alikata kipande, akakitia ndani ya ngumi yangu ya kushoto, akanifunga vidole.

"Mkono ukishika kitu unatulia," alisema. "Shuka."

Nilishuka. Mkono ulikaa kiunoni, umeshika kamba isiyovuta chochote, na makali yakaingia kwenye theluji. Nilikata kona ya kwanza, nikakata ya pili. Tangu hapo sikuteleza bila kile kipande.

Na sasa Bwana Whitcomb alikuwa amekichukua kwenye glavu yangu kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya.

"Vitu vya mkononi haviruhusiwi," alisema. Alikifunga kwenye fimbo yake ya skii. "Nitasimama pale katikati. Ukiona nimeinua fimbo, simama. Ukinipita, umeanguka mtihani."

Aliteleza akashuka, kamba yetu ikining'inia kwenye fimbo yake. Nilitazama ule mkia mdogo unavyocheza na upepo, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto. Niliondoka kabla hajageuka vizuri. Nilitaka kumfikia, nimnyang'anye. Ngumi yangu ya kushoto ilikuwa imejikaza yenyewe, haikutafuta kitu hewani. Chini ya miguu makali yalitoa sauti ya kitambaa kinachochanwa, kona baada ya kona, na kwa mara ya kwanza ubao ulikwenda nilikotaka mimi. Aliinua fimbo. Nilimfikia kwa kasi, nikaugeuza ubao kukingama, nikasimama mbele ya skii zake, na theluji ikamlowesha hadi kwenye mkanda wa suruali.

Alijipangusa polepole. "Umefaulu," alisema. "Ila hasira hizo uziache nyumbani kwenu."

"Nyumbani kwetu ni hapa," nilisema. "Nipe kamba yangu."

Mjomba alikuwa nje ya uzio, maana asiye na tiketi haruhusiwi kuuvuka. Alivua kofia, akaivaa tena. Nilipokuwa kwenye kiti cha waya, juu ya vilele vya miti, nilimwona akirudi nyumbani kwa miguu pembezoni mwa njia aliyoikata. Nilifurahi kuwa huko juu, na furaha hiyo iliniudhi. Mpaka anafariki hakuwahi kukaa kwenye viti vile.

Alipofariki, binamu zangu waliuza vitu vya ghalani. Mimi nilikuwa mbali, na niliporudi ule ubao wa zamani ulikuwa umekwenda.

Niliukuta msimu wa baridi uliopita. Niliingia kwenye hoteli ya Mlima Harrow kunywa kitu cha moto, nikainua macho, na huo hapo juu ya mahali pa kuotea moto, umepakwa vanishi. Chini yake kibao cha shaba: UBAO WA JADI YA MLIMA WETU. FUNDI HAJULIKANI.

Mlima wetu! Nilipanda juu ya kiti na buti zangu, nikautoa ukutani.

"Mama, tafadhali, hilo ni pambo!" alisema mhudumu.

"Ni langu. Sukari yake bado iko ndani, nusa."

Kwenye viti vya waya binti mmoja alinizuia kwa heshima kubwa. "Samahani mama. Ubao usio na makali hauruhusiwi kupanda."

Nilicheka mpaka akaogopa. Kisha nikapanda kwa miguu, pembeni mwa msitu, ubao kwapani. Kileleni nilitoa kile kipande cha kamba mfukoni mwa koti, nikakifunga kwenye lile tundu. Kilikuwa kifupi mno, ikabidi niteleze nimeinama kama bibi anayepalilia. Miguu ilitafuta makali na kuyakosa; ndiyo iliyokuwa imesahau. Mkono haukuwa umesahau kitu. Nilishuka njia nzima ya Mjomba, na chini nikasimama kwa namna pekee ninayoijua juu ya ubao ule. Nilikaa kitako, nikaangusha bendera tatu walizosimika mwisho wa njia.

Kijana mwenye koti jekundu alikuja mbio. "Mama, umeumia? Nani amekuruhusu kushuka na kitu hiki?"

"Ludger Benoit."

Alishika redio yake. "Yuko idara gani?"

"Ndiye aliyekata njia hii. Na ubao ni kazi yake."

Alisita, redio karibu na mdomo. "Naomba jina tena, mama."

Nilikuwa bado nimekaa kwenye theluji, kamba mkononi. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, asije akakosea.